Wiki Mbili za Fundi Ebo Bentsil

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Wa Essikado, wa Ketan, wa Kojokrom, na wewe mama unayekaanga samaki sokoni huku redio yako umeitundika kwenye msumari, nakusalimu. Punguza moto kidogo unisikilize. Mimi ni Araba wenu wa kila Alhamisi, na saa hii ni ya kuwakumbuka waliotutoka.

Leo tunamkumbuka Fundi Ebo Bentsil. Fundi Ebo amefariki. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka sitini na minane. Alizaliwa Jumanne, ndiyo maana akaitwa Ebo, na Jumanne ndiyo iliyomchukua.

Wengi wenu jina hilo halijawaambia kitu. Sasa nikisema Wiki Mbili? Ndiyo. Huyo huyo. Yule mzee wa pikipiki nyekundu, mtungi wa gesi umefungwa nyuma kwa kamba, nyundo ndogo mfukoni. Fundi wa vyuma vya baraza. Ukingo wako umeliwa na kutu, unamwita Wiki Mbili. Halafu anakuudhi, unamwita mwingine.

Kabla sijaendelea, niwaambie jambo moja. Sitaki mfike mwisho ndipo mshangae. Nyumbani kwa marehemu, juu ya meza ya sebuleni, ipo chupa ya jini, ile pombe kali ya desturi zetu, ambayo haijafunguliwa. Ukoo wetu ndio ulioipeleka, kuomba radhi; ikifunguliwa, tumesamehewa. Binti wa marehemu hajaipokea na hajaikataa. Amesema anasubiri kipindi hiki. Kwa hiyo leo mimi si mtangazaji tu. Nina neno la kusema mbele yenu, na nikilikwepa, chupa itarudi kwetu. Naomba mnivumilie, maana sauti yangu leo si ya kuitegemea sana.

Tuanze na kazi yake. Baba yake alikuwa mfua chuma katika karakana ya reli hapa hapa mjini, na Ebo alijifunza moto na nyundo kwake. Treni zilipopungua, kazi nazo zikapungua. Ebo akaangalia juu. Akaona nyumba zetu za ghorofa, zile za mababu waliouza kakao na mbao, kila moja na baraza lake juu, na kila baraza na ukingo wake wa chuma. Na kila chuma kinalika. Hewa yetu ya bahari mnaijua. Ukianika shati, jioni linakauka na chumvi yake. Chuma kitapona wapi?

Mke wake, Mama Efua, aliniambia hivi: "Alikuwa akitembea barabarani hatazami watu. Anatazama miguu ya vyuma. Nilikuwa namwambia, we mwanamume, utagongwa na gari kwa ajili ya baraza la mtu asiyekujua."

Miguu ya vyuma. Hilo ndilo lilikuwa somo lake. Alikuwa akisema chuma hakiozi pale unapokitazama. Kinaoza mguuni, pale nguzo inapozama kwenye saruji, maji ya mvua yanapotuama. Juu kinang'aa, chini kimebaki ganda. Kwa hiyo hakuanza na brashi. Alianza na ile nyundo ndogo. Anachuchumaa, anagonga nguzo moja, anasikiliza. Nguzo nzima inalia kama kengele ya shule. Iliyooza inatoa sauti ya kopo lenye mchanga. Iliyooza anaitia alama ya chaki. Akimaliza baraza zima anasimama, anajinyoosha mgongo, anasema: "Wiki mbili."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, miaka yote.

"Wiki mbili za nini, Fundi? Si upake rangi tu ing'ae?"

"Nikate miguu hii sita. Nichomelee mipya. Niisugue mpaka chuma kiwe cheupe. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mara mbili, na kila mara ikauke. Halafu niiinamishe saruji, maji yaende nje. Ndipo nipake rangi yako."

"Mazishi ni Jumamosi!"

"Basi tafuta fundi wa Jumamosi."

Anapanda pikipiki, anaondoka. Na sisi tunabaki tunasonya. Maana tujuane, wasikilizaji wapendwa. Sisi wa mji huu nyumba inaweza kukaa miaka kumi na mitano bila brashi. Bibi yuko hai, anakaa kwenye baraza hilo hilo linalomwaga kutu, hakuna anayejali. Akishafariki, akiwa kwenye baridi ya mochwari, ndipo tunaikumbuka nyumba. Wageni wanakuja! Watu wa Kumasi watasemaje! Tunaita wapaka rangi, mafundi bomba, mafundi chuma, wote wiki moja. Kazi ya Fundi Ebo ilifuata misiba yetu. Simu yake ikilia, swali lake la kwanza lilikuwa: "Poleni. Mnazika lini?"

Alikuwa na mtindo mmoja uliowachekesha watu. Kazi ikiisha, hachukui chake mpaka ukingo upimwe. Anageuza mgongo kwa barabara, anauegemea ukingo kwa uzito wake wote, miguu karibu inainuka. Hata kwa mkono mmoja hashikilii. Watu chini wanapiga kelele. Akisharidhika, anauliza: "Nani mzito kuliko wote humu ndani?" Sasa nani atakubali? Kina mama wanasukumana. Ndipo akaanza kuja na Mama Efua, aliyekuwa mnene enzi hizo.

Mama Efua anacheka akilisimulia hilo, halafu anajifuta macho kwa ncha ya khanga nyeusi. "Wajinga walikuwa wakisema Wiki Mbili kaja na mzani wake. Mimi nikawa naona fahari. Ni mume gani mwingine anayejua uzito wa mke wake umefanya kazi kwenye nyumba mia moja?"

Nyumba mia moja, wasikilizaji. Na mimi nasema ni zaidi. Tembea Essikado leo, inua macho. Ukingo ulionyooka, usiolia machozi ya kutu ukutani, jua mkono wake umepita hapo.

Lakini aliianza lini tabia hiyo ya kupima? Alianza lini kusema wiki mbili bila kupunguza hata siku moja, hata kwa chifu, hata kwa mchungaji? Mji mzima umelicheka jina hilo na hakuna aliyeuliza. Mimi mwenyewe sikuuliza. Na jina hilo lilitoka nyumbani kwetu.

Ni miaka thelathini na sita sasa. Bibi yangu mzaa mama alifariki. Mimi nilikuwa na miaka saba. Nyumba yetu mnaijua wengi, ile ya ghorofa moja mlimani, yenye baraza linalotazama barabara. Mkuu wa ukoo alikuwa mjomba Kwaw, kaka mkubwa wa mama yangu. Mtu wa suti na fimbo, akikohoa nyumba nzima inanyamaza. Alimwita Ebo Bentsil, kijana wa miaka thelathini na mbili, fundi mzuri asiye ghali. Ebo akafanya kazi siku nne. Ukingo ukawa wa kijani, unang'aa, tukakatazwa kuugusa.

Jumamosi ikafika. Watu walijaa, nguo nyeusi na nyekundu za msiba kila mahali. Kina mama wa Kimethodisti wakaimba mpaka sauti zikakauka. Saa nne asubuhi jeneza likatolewa, bendi ya tarumbeta ikaanza, na kina mama waliokuwa juu wakakimbilia barazani kumuaga bibi. Walikuwa tisa. Nawakumbuka kwa migongo yao. Mama yangu, Ewurama, alikuwa katikati. Alikuwa analia na kupunga leso nyeupe. Akaegemea mbele ili mama yake amwone, maana hivyo ndivyo alivyosema: "Mama, nitazame!"

Ukingo ukaondoka. Haukupinda, haukulia. Uliondoka mzima mzima, kutoka miguuni. Wanawake wanane walirudi nyuma wakishikana. Mama yangu alikwenda na ukingo.

Hakufa. Mgongo ulivunjika. Mama yangu aliishi miaka kumi na mmoja baada ya siku ile na hakutembea tena. Narudia, hakutembea tena. Mimi ndiye niliyemgeuza kitandani kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi. Siku alipoanguka alikuwa na miaka ishirini na tisa tu.

Vile vyuma vilipoinuliwa, kila mtu aliona. Miguu minne ilikuwa ganda tupu, imejazwa puti ya kuzibia mabati ya magari na kupakwa rangi juu yake. Mjomba Kwaw akakiinua kipande kimoja mbele ya watu wote. "Tazameni kazi ya mwizi huyu!" Ndivyo alivyosema. Mwizi. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu jina la Ebo Bentsil halikutajwa bila kutemewa mate.

Wiki iliyofuata Ebo alikuja. Alikuja na chupa ya jini kama desturi inavyotaka, na mzee mmoja wa ukoo wao wa kumsemea. Ua lilikuwa limejaa, watu kama mia. Mjomba Kwaw aliipokea ile chupa, akaishika muda mrefu, halafu akairudisha. Sijui kama mnauelewa uzito wake. Mtu akikurudishia chupa sebuleni, unaweza kurudi kesho. Akikurudishia mbele ya watu mia, amekufungia mlango maisha yako yote. Ebo aliipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nikayaona mikononi mwake madoa ya rangi ya kijani.

Na baada ya hapo, kila mwaka mvua zikiisha, alikuja. Hakuitwa. Hakuna aliyemlipa. Ukingo mpya aliutengeneza mtu mwingine, lakini Ebo alipanda ngazi zetu za nje, akachuchumaa, akagonga nguzo moja moja kwa ile nyundo ndogo, akasikiliza. Akikuta kutu anaisugua. Halafu anashuka. Mjomba Kwaw hakumfukuza. Nilidhani ni dharau. Sasa najua hakuweza.

Mama alikuwa akiisikia ile nyundo kutoka kitandani. Mwaka mmoja, nina miaka kumi, aliniita. "Araba, mpelekee maji yule mtu."

"Yule aliyekuvunja?"

"Nimesema maji. Yule ndiye mtu pekee anayeingia nyumba hii bila kuja kuomba kitu."

Nilichukua kikombe. Nilifika pale barazani. Akanyoosha mkono kukipokea, na mimi nikayamwaga maji yote kwenye ngazi, mbele ya miguu yake. Nilikuwa namtazama usoni. Aliyatazama yale maji, akasema taratibu: "Afadhali hukukimwagia chuma." Akarudi kugonga.

Nimekaa na maneno hayo miaka thelathini na mitatu. Siku zile nilidhani ananitania. Leo yananichoma.

Mama alipofariki, Ebo alisimama ng'ambo ya barabara siku nzima kwenye jua. Hakuingia. Baraza lilikuwa na watu zaidi ya thelathini. Yeye hakulitazama jeneza. Alitazama miguu ya vyuma.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe.

Jumatano ya wiki iliyopita, habari za msiba zilipofika, mama mdogo Aba alinipigia simu. Mama mdogo Aba ndiye mdogo wake mama yangu, ndiye aliyebaki katika watoto wa bibi. Ana miaka sitini na mitatu. Nilidhani anataka kulalamika juu ya presha yake.

"Araba, yule mtu amekufa."

"Nimesikia. Mungu amrehemu."

"Araba, aliomba wiki mbili."

Nikamwambia kila mtu anajua Wiki Mbili aliomba wiki mbili, ndiyo jina lake.

"Hunisikii. Aliomba kwetu. Kwetu ndiko alikoomba mara ya kwanza."

Akanieleza, na mimi nawaeleza kama alivyonieleza. Siku ile mjomba Kwaw alipomwita Ebo, mama mdogo Aba ndiye aliyepeleka trei ya vinywaji barazani. Alisimama nayo, hawakumwona. Ebo alikuwa amechuchumaa na chaki.

"Egya, baba, miguu minne imekwisha. Nipe wiki mbili niikate."

"Wiki mbili? Mabango yamechapwa, kijana. Watu wa Accra wamekata tiketi."

"Sogeza mbele, Egya. Marehemu hana haraka."

"Unanifundisha kuzika mama yangu? Ziba, paka rangi. Nani atakayekuja kuchungulia miguu ya chuma siku ya msiba?"

"Watu wataegemea."

"Watu watakuwa wanalia. Ziba matundu, au niite mwingine, na karakana nzima ijue hujui kazi."

Mama mdogo anasema Ebo aliigeuza chaki vidoleni mpaka barafu kwenye glasi ikaanza kuyeyuka. Halafu akasema, "Sawa, Egya." Na akaziba.

Hayo ndiyo yaliyokuwepo. Watu watatu waliyajua. Mjomba Kwaw aliyajua, na akakiinua kile chuma mbele ya watu na kusema mwizi. Mama mdogo Aba aliyajua, na akanyamaza, kwa sababu mjomba Kwaw ndiye aliyekuwa akilipa dawa za mama yangu, na ndiye aliyekuwa akimlipia Aba chuo cha ualimu. Na Ebo Bentsil aliyajua.

Nikamuuliza mama mdogo kwa nini Ebo mwenyewe hakusema. Miaka yote ile! Alikuwa na mdomo. Angeweza kusimama pale uani, mbele ya watu mia, aseme Egya uliniambia mwenyewe.

Akasema naye aliwahi kumuuliza hivyo hivyo. Ilikuwa sokoni, mjomba Kwaw ameshakufa, hakuna wa kumwogopa tena. Alimkuta Ebo ananunua kenke, lile donge la mahindi, akamshika mkono: "Fundi, sema sasa, nami nitakuunga mkono." Naye akamjibu: "Brashi ilikuwa mkononi mwangu, dada Aba. Haikuwa mkononi mwa kaka yako."

Kisha akachukua kenke yake akaenda.

Nisiwadanganye. Sisemi hakuwa na kosa. Alikuwa nalo, na alilijua kuliko sisi. Alikubali mara moja kupaka rangi juu ya kutu, na hakukubali tena mpaka anakufa. Kosa lake alilibeba. La kwetu pia tulimbebesha, na tukamtemea mate akiwa nalo mgongoni.

Jumanne hii, wasikilizaji wapendwa, familia yake walikaa kikao cha kutimia wiki moja ya msiba, kutangaza mazishi. Sisi tulikwenda. Mama mdogo Aba alikwenda na fimbo yake, mimi nikabeba chupa. Aliyetupokea ni binti yake, Ajoa. Ajoa ni fundi kama baba yake, mmeshamwona na ile pikipiki nyekundu tangu mzee alipoanza kukohoa. Mama mdogo alisema yote niliyowaambia. Alisema akiwa amepiga magoti, mwanamke wa umri ule. Mama Efua alifunika uso.

Ajoa aliitazama chupa. Hakuigusa.

"Dada Araba," akaniambia, "baba yangu alikataliwa mbele ya watu mia. Nyinyi mnataka kusamehewa sebuleni?"

Nikaiweka chupa mezani.

"Wewe una redio. Sema huko. Mji uliomwita mwizi usikie kwa sikio lake. Ukisema, tutazungumza juu ya chupa."

Basi nasema. Mimi Araba, mtoto wa Ewurama, wa nyumba ya baraza kule mlimani, nasema kwa jina la ukoo wetu. Ebo Bentsil hakuwa mwizi. Ebo Bentsil aliona kwamba chuma kimeoza na alituambia. Alituomba wiki mbili, tukamnyima. Mjomba wangu Kwaw alimnyima na kumlazimisha, kisha akamwita mwizi. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: alituomba wiki mbili, na sisi tulimnyima. Na yale maji, Fundi, mama yangu ndiye aliyeyatuma. Mimi ndiye niliyeyamwaga.

Nipeni dakika.

Samahani. Kuna jambo lilitokea pale pale kikaoni, na linawahusu nyote mliopanga kwenda mazishini.

Wazee wa ukoo wa marehemu walikuwa wameshapanga. Mazishi Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Wapaka rangi wawili walikuwa uani na ndoo zao tayari, maana nyumba ya fundi huwa ya mwisho kutengenezwa. Baraza la Fundi Ebo lina ukingo wa chuma, na mzee alikuwa mgonjwa miaka miwili. Ajoa akatoka nje. Tukasikia ile nyundo. Kengele. Kengele. Kengele. Halafu kopo lenye mchanga. Halafu jingine.

Akarudi mlangoni na chaki mkononi. "Miguu miwili imekwisha. Wiki mbili."

Mzee mmoja akaguna. Mtu mwema, simtaji. "Ajoa, mwanangu, mabango yameshachapwa. Wageni wa Takoradi wameshaambiwa. Paka rangi tu."

Nilimsikia mjomba Kwaw kwenye mdomo wa mtu mwingine. Mama mdogo Aba naye alimsikia, maana alinibana kidole mpaka kikauma. Miaka thelathini na sita iliyopita alisimama na trei akanyamaza. Safari hii alisimama bila kuitwa, kwa fimbo yake, kwenye kikao kisicho cha ukoo wake, jambo ambalo hatulifanyi.

"Mpeni," akasema. "Kwa ajili ya Mungu, mpeni mtoto wiki mbili."

Yule mzee akasema, na mabango je? Nikasema tarehe mpya nitaitangaza mimi, Alhamisi, hewani, bure.

Kwa hiyo chukueni kalamu, hili ni tangazo. Mazishi ya Fundi Ebo Bentsil hayatafanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Msiangalie mabango, mabango yamepitwa. Yatafanyika Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, kutoka nyumbani kwake Essikado. Narudia: Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Sababu ya kusogezwa ni kwamba vyuma vya baraza vinatengenezwa.

Mama Efua, Ajoa, na ukoo wote wa Bentsil, poleni sana. Hakuna kipimo cha kupimia mlichopoteza. Ajoa, chupa iko mbele yako, na mimi nimeshasema. Sijui utaamua nini, na sina haki ya kukuharakisha. Kesho asubuhi nitakuja na brashi ya waya. Chupa iwe imefunguliwa au haijafunguliwa, nitasugua vyuma.

Na wewe unayenisikiliza, una mama yako anayekaa barazani jioni kupunga upepo. Usingoje awe mochwari ndipo uitazame nyumba yake. Toka sasa hivi. Chuchumaa. Gonga mguu wa chuma kwa kijiko, kwa funguo, kwa chochote ulicho nacho, usikilize. Kisha jiulize ni nani katika mji huu tuliyemwita jina baya kwa sababu alituambia kweli siku tuliyokuwa na haraka.

Fundi Ebo, hakuna anayekuharakisha tena. Chukua wiki zako mbili.